Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Faida za Matunda na Nafaka za Kila Siku

Majibu yaliyomo humu yanahusu matunda na nafaka kama chakula, wala si kama dawa. Msimamo unaoyaunganisha ni kwamba sehemu kubwa ya faida ya vyakula hivi imo katika zile sehemu tulizozoea kuzitupa: pumba na kiini cha punje, makapi ya tunda lililokamuliwa, na mara nyingine ganda lenyewe. Mtu ambaye tayari anatibiwa kisukari, figo, au anayetumia dawa kila siku, ni vyema aanze kusoma sehemu ya mwisho kabla ya kubadilisha mlo wake.

## Mambo ya msingi

Mtu anapaswa kula matunda kiasi gani kwa siku?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kwamba kila mtu mwenye umri wa miaka 10 na kuendelea ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa jumla kila siku. Viazi na mihogo havihesabiwi humo, kwa kuwa vinahesabiwa upande wa vyakula vya wanga. Gramu 400 hizo kwa kawaida hugawanywa katika sehemu tano za gramu 80, na chungwa moja la wastani, ndizi moja au kipande cha papai kinachojaa kiganja hutosha kuwa sehemu moja. Mgawanyo wa sehemu mbili za matunda na tatu za mboga ni mzuri, kwa sababu mboga zina sukari kidogo zaidi.

Jambo linalosahaulika ni kubadilisha. Anayekula ndizi tatu kila siku, mwaka mzima, amefikisha uzito lakini amekosa vitu vingi ambavyo angevipata kwenye pera, embe au chungwa.

Nafaka isiyokobolewa ni ipi hasa, na kwa nini inasifiwa?

Chukua punje moja ya ngano au ya mahindi iliyolowekwa usiku kucha, uipasue kwa ukucha. Kwa nje utakuta ngozi nyembamba, ngumu kidogo, inayobanduka: hiyo ndiyo pumba, na ndimo zilimo nyuzinyuzi nyingi, madini na vitamini za kundi B. Upande mmoja wa punje, pale ilipokuwa imeshikamana na suke au gunzi, kuna kijisehemu laini chenye rangi ya manjano hafifu: hicho ni kiini, mche wa baadaye, chenye mafuta, protini na vitamini E. Sehemu yote iliyobaki, nyeupe na yenye kutoa unga, ni ghala la wanga ambalo mche ungelitumia kukua. Katika punje ya ngano, ghala hilo huchukua takriban asilimia 83 ya uzito, pumba asilimia 14, na kiini asilimia 3 tu.

Kukoboa ni kuondoa pumba na kiini na kubakiza ghala. Unga unaopatikana huwa mweupe na laini, na hukaa muda mrefu bila kuchacha kwa kuwa mafuta ya kiini hayamo tena. Gharama yake ni kubwa: gramu 100 za unga wa ngano nzima zina nyuzinyuzi zaidi ya gramu 10, ilhali kiasi kilekile cha unga mweupe kina gramu 3 hivi. Madini ya chuma, magnesiamu, zinki na vitamini B1 hupungua vilevile.

Mwaka 2019, jarida la tiba la The Lancet lilichapisha uchambuzi ulioagizwa na WHO, uliounganisha tafiti 185 za kufuatilia watu kwa muda mrefu na majaribio 58 ya kitabibu. Ulionyesha kwamba watu wanaokula nyuzinyuzi nyingi walikuwa na vifo vichache, maradhi machache ya moyo, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana kwa kiwango cha asilimia 15 hadi 30 ikilinganishwa na wanaokula kidogo. Ulaji wa nafaka nzima ulielekea upande huohuo.

Rangi ya kahawia peke yake si ushahidi. Mkate unaweza kutiwa rangi kwa sukari iliyounguzwa na ukaonekana wa ngano nzima wakati sivyo. Soma orodha ya viambato: nafaka nzima inapaswa kuwa ya kwanza.

Nyuzinyuzi zina kazi gani ikiwa mwili hauzimeng'enyi?

Kazi yake inatokana na hilohilo la kutomeng'enywa. Zipo zile zinazoyeyuka kwenye maji na kuwa kama uteute, kwa mfano zilizomo kwenye oti, shayiri, tufaha na machungwa. Hizi huchelewesha sukari kuingia katika damu na husaidia kupunguza kolesteroli. Zipo pia zisizoyeyuka, nyingi zikiwa katika pumba za ngano na maganda ya matunda, ambazo huongeza ujazo wa choo na kukifanya kipite kwa urahisi.

Sehemu ya nyuzinyuzi hufika katika utumbo mpana, na humo bakteria wema huzichachua na kutengeneza asidi fupi za mafuta. Mojawapo, iitwayo butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotandaza ukuta wa utumbo huo. WHO inashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka katika chakula chenyewe, mtoto wa miaka 6 hadi 9 gramu 21, na wa miaka 2 hadi 5 gramu 15.

Je, nafaka hazinenepeshi?

Kinachonenepesha ni kula nishati nyingi kuliko inayotumika, na nafaka iliyokobolewa hurahisisha kosa hilo kwa sababu haishibishi kwa muda mrefu. Nafaka nzima hutafunwa polepole na hushibisha mapema. Angalia pia kinachoambatana nayo: mafuta, siagi na sukari huongeza nishati ya sahani kuliko nafaka yenyewe.

Kwa nini nisitumie vidonge vya vitamini badala ya matunda?

Kwa sababu tunda si vitamini moja. Lina maji, nyuzinyuzi, potasiamu na mamia ya kemikali za mimea zinazofanya kazi kwa pamoja, na kutoa moja tu na kuimeza kwa wingi kumewahi kuleta madhara. Nchini Finland, wavuta sigara walipewa vidonge vya beta-karotini, kitu kilekile kinacholipa embe rangi yake, kwa matumaini kwamba vingewakinga na saratani. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalikuwa kinyume: saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18 miongoni mwa waliovimeza. Hakuna madhara ya aina hiyo yaliyoonekana kwa watu wanaokula maembe na karoti.

Vidonge vina mahali pake pale daktari anapoona upungufu, na katika ujauzito (tazama jibu kuhusu mama mjamzito).

## Tunda kwa tunda

Ndizi ina faida gani, na je, iliyoiva sana ni mbaya?

Ndizi moja ya wastani ina takriban miligramu 420 za potasiamu, gramu 3 za nyuzinyuzi na nishati ya kilokalori 105 hivi. Potasiamu husaidia figo kutoa chumvi na kulegeza kuta za mishipa ya damu, ndiyo maana mlo wenye potasiamu ya kutosha huhusishwa na presha ya chini. WHO inapendekeza miligramu 3,510 kwa siku, kwa hiyo ndizi moja ni mchango mzuri lakini haitoshelezi. Maharage, mboga za majani na parachichi vinapaswa kuchangia pia.

Ndizi inapoiva, wanga wake hugeuka sukari. Iliyo mbichi kidogo huwa na wanga mwingi usiomeng'enyeka, ambao hufanya kazi kama nyuzinyuzi. Yenye madoadoa si mbaya. Ni tamu zaidi na hupandisha sukari ya damu kwa kasi kidogo.

Je, machungwa yanazuia mafua?

Hayazuii. Tafiti nyingi zilizofanywa kwa watu wa kawaida zinaonyesha kwamba anayetumia vitamini C kila siku huugua mafua mara zilezile, ingawa siku za kuugua hupungua kidogo, karibu asilimia 8 kwa watu wazima. Kuanza kula machungwa baada ya kuanza kupiga chafya hakubadilishi mengi.

Sifa halisi ya machungwa ni kubwa kuliko hiyo ya mafua. Mwaka 1747, tabibu wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 waliokuwa na kiseyeye, ugonjwa wa kutoka damu kwenye fizi na vidonda kutopona, akawagawa wawili wawili na kuwapa tiba tofauti. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku walipata nafuu ndani ya siku sita tu, na mmoja wao akarudi kazini. Leo tunajua kwamba mwili hauwezi kutengeneza kolajeni imara bila vitamini C, na kolajeni ndiyo inayoshikilia ngozi, fizi na mishipa.

Chungwa moja lina miligramu 70 hivi za vitamini hiyo, kiasi kinachokaribia au kutosheleza mahitaji ya siku. Mapera yanayazidi machungwa kwa mbali: gramu 100 zina zaidi ya miligramu 200. Ni tunda linalodharauliwa bila sababu.

Je, maembe na mapapai yanaboresha macho?

Yanalinda macho ya mtu ambaye angepungukiwa na vitamini A. Rangi yake ya manjano na machungwa inatokana na karotini, ambazo mwili huzigeuza kuwa vitamini A, na upungufu wa vitamini hiyo huanza kwa kushindwa kuona gizani na unaweza kuishia kwenye upofu, hasa kwa watoto. Hayataondoa hitaji la miwani kwa mtu asiyeona mbali. Karotini hufyonzwa vizuri zaidi mlo ukiwa na mafuta kidogo, hivyo papai pamoja na parachichi au karanga ni mchanganyiko wenye maana.

Parachichi lina mafuta mengi. Je, si hatari kwa moyo?

Gramu 100 za parachichi zina takriban gramu 15 za mafuta, na sehemu kubwa yake ni ya aina ileile iliyomo kwenye mafuta ya zeituni, isiyopandisha kolesteroli mbaya. Lenyewe halina kolesteroli, kwani mimea haibebi kolesteroli ya maana, na lina nyuzinyuzi karibu gramu 7. Faida kwa moyo huonekana zaidi linapochukua nafasi ya siagi, mayonezi au nyama yenye mafuta. Likiongezwa juu ya hivyo vyote, huwa nishati ya ziada tu: kilokalori 160 kwa kila gramu 100.

Tikiti maji si maji matupu?

Asilimia 92 ni maji, na kwenye joto kali hiyo ni faida. Zilizobaki zina vitamini C kiasi na laikopini, rangi nyekundu iliyomo pia kwenye nyanya. Sukari yake ni gramu 6 tu kwa kila gramu 100, pungufu ya nusu ya ile ya embe.

Je, nanasi na maji ya limau huyeyusha mafuta ya tumbo?

La. Hakuna tunda linaloyeyusha mafuta mwilini. Nanasi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho huvunja protini, wala si mafuta, na ndicho kinachofanya ulimi uwashe ukila nanasi nyingi. Maji ya limau humsaidia mtu kupungua pale tu yanapochukua nafasi ya soda.

Tende na zabibu kavu zihesabiwe kama matunda au kama sukari?

Ni matunda yaliyopungukiwa na maji, kwa hiyo kila kitu kilichomo kimekolea: nyuzinyuzi na potasiamu, na vilevile sukari, ambayo hufikia karibu theluthi mbili ya uzito wa tende. Tende tatu au nne ndogo ni sehemu moja ya tunda. Kwa kuwa hunata kwenye meno, ni bora kuliwa pamoja na mlo kuliko kutafunwa siku nzima.

## Nafaka kwa nafaka

Kuna tofauti gani kati ya mchele wa kahawia na mweupe?

Mchele wa kahawia umevuliwa kapi tu, na pumba yake imebaki. Una nyuzinyuzi mara mbili hadi tatu ya mchele mweupe, na vitamini B1 nyingi zaidi. Umuhimu wa tofauti hii uligunduliwa kwa uchungu. Mwishoni mwa karne ya 19, ugonjwa wa beriberi, unaodhoofisha neva na moyo, ulikuwa ukiua watu wengi Asia. Daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akiwa kisiwani Java, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu, kisha wakapona walipolishwa mchele wenye pumba. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1929, na ndiyo iliyofungua njia ya kugunduliwa kwa vitamini.

Asiyependa mchele wa kahawia anaweza kutafuta ule uliochemshwa ukiwa na makapi yake kabla ya kukobolewa. Mvuke husukuma sehemu ya vitamini kutoka kwenye pumba hadi ndani ya punje, na hivyo hazipotei zote kinuni au mashineni.

Kuna tahadhari moja. Mpunga hufyonza aseniki kutoka kwenye udongo na maji kuliko nafaka nyingine, na aseniki hiyo hukusanyika zaidi kwenye pumba. Kupika mchele kwa maji mengi na kuyamwaga hupunguza aseniki kwa kiasi kikubwa, ingawa baadhi ya vitamini hutoka nayo. Kwa mlaji wa wali kila siku, kinga bora ni kubadilisha nafaka, na kwa mtoto mchanga ni kutomlisha uji wa mchele peke yake.

Je, mahindi ni chakula dhaifu?

Si dhaifu, lakini hayatoshi kuwa chakula pekee. Vitamini B3 iliyomo imefungwa kwa namna ambayo utumbo hauwezi kuifungua, na protini yake ina uhaba wa triptofani, ambayo mwili ungeitumia kutengeneza vitamini hiyo. Matokeo yake ni pelagra: ngozi hubabuka panapopigwa na jua, mtu huharisha na hatimaye akili huvurugika. Ugonjwa huu uliwaandama maskini wa kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, hadi daktari Joseph Goldberger alipoonyesha kwamba chanzo chake ni mlo, wala si vijidudu. Wenyeji wa Meksiko ya kale hawakuugua hivyo kwa sababu walichemsha mahindi katika maji ya chokaa, na chokaa hufungua vitamini hiyo.

Anayekula mahindi pamoja na maharage, samaki, maziwa au karanga hana haja ya kuogopa pelagra. Unga wa dona una nyuzinyuzi, mafuta ya kiini na madini mengi zaidi kuliko sembe. Hata hivyo huchacha upesi, kwa hiyo usagwe wa kutumika ndani ya wiki chache.

Ulezi, mtama na uwele vina ubora gani?

Ulezi unajulikana kwa kalsiamu: gramu 100 za nafaka kavu zina zaidi ya miligramu 300, wakati mchele una 10 hivi. Mwili haufyonzi yote, kwa sababu ya fitati zinazoifunga (tazama jibu kuhusu kuloweka na kuotesha). Uwele una madini ya chuma na zinki kwa wingi. Mtama, hasa mwekundu, una tanini zinazopunguza kasi ya kumeng'enywa kwa wanga. Zote tatu hazina gluteni, na kwa kawaida punje ndogo za ulezi husagwa nzima, jambo linaloufanya unga wake kuwa nafaka nzima bila juhudi yoyote.

Je, ni kweli oti hupunguza kolesteroli?

Ni kweli, na ni mojawapo ya madai machache kuhusu chakula yenye ushahidi imara. Oti na shayiri zina uzi unaoyeyuka uitwao beta-glukani. Uteute wake hunasa asidi za nyongo ndani ya utumbo na kutoka nazo. Ini hulazimika kuchukua kolesteroli kutoka kwenye damu ili kutengeneza nyingine. Kiasi kinachohitajika ni gramu 3 za beta-glukani kwa siku, sawa na gramu 75 hivi za oti kavu, na tangu mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeruhusu jambo hilo kuandikwa kwenye pakiti. Oti za pakiti ndogo zilizotiwa sukari na ladha hazistahili sifa hiyo moja kwa moja. Soma kiasi cha sukari.

Je, kila mtu aache ngano kwa sababu ya gluteni?

Hapana. Gluteni ni protini ya ngano, shayiri na rai, na haimdhuru mtu wa kawaida. Wanaopaswa kuiacha kabisa ni wenye ugonjwa wa siliaki, takriban mtu mmoja kati ya 100, ambao kinga ya mwili wao hushambulia utumbo mwembamba kila wanapoila. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alithibitisha uhusiano huo baada ya njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945: mkate ulipokosekana, watoto wagonjwa walipata nafuu, na uliporudi wakaugua tena.

Anayehisi kwamba ngano inamdhuru asiiache kabla ya kupimwa. Vipimo vya damu hutafuta kingamwili ambazo hutoweka mtu anapoacha gluteni, na majibu yanaweza kuonyesha hana ugonjwa ilhali anao.

## Kuandaa na kula

Juisi ya matunda ni sawa na tunda?

Si sawa. Kukamua huacha nyuzinyuzi nyingi kwenye chujio, na sukari iliyokuwa ndani ya seli za tunda huwa huru. WHO huihesabu pamoja na sukari ya mezani, ambayo inapaswa kuwa chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5. Glasi moja ya juisi huhitaji machungwa matatu au manne. Ni nadra mtu kula machungwa manne kwa mkupuo, lakini glasi humalizika kwa dakika moja.

Kusaga tunda zima kwa blenda ni afadhali kwa kuwa makapi hubaki, mradi lisiongezwe sukari wala kunywewa kupita kiasi.

Tunda liliwe kabla ya chakula, baada yake, au peke yake?

Wakati wowote. Dai kwamba tunda likiliwa baada ya chakula huoza tumboni halina msingi, kwani asidi ya tumbo hairuhusu uozo huo. Kula chungwa, pera au papai pamoja na mlo wa nafaka na maharage kuna faida ya pekee: vitamini C huongeza sana ufyonzwaji wa madini ya chuma ya mimea. Chai na kahawa hufanya kinyume chake, na ni vizuri zikae mbali na mlo kwa saa moja, hasa kwa mwenye upungufu wa damu. Kula tunda usiku hakuna ubaya wowote.

Kwa nini nafaka hulowekwa, huoteshwa au huchachuliwa?

Pumba ina fitati, ambazo hushikilia madini ya chuma, zinki na kalsiamu. Kuloweka, kuotesha hadi kupata kimea, na kuchachua huamsha kimeng'enya cha fitesi kinachozivunja. Uji wa unga uliochachuliwa au uliotiwa kimea humpa mlaji madini zaidi kutoka nafaka ileile. Kimea pia huufanya uji kuwa mwepesi bila kuongeza maji, hivyo mtoto hupata nishati nyingi kwa vijiko vichache.

Wali wa jana una madhara?

Unategemea ulivyohifadhiwa. Bakteria aitwaye Bacillus cereus ana vijimbegu vinavyostahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa jikoni kwa saa nyingi, vijimbegu hivyo huota na bakteria hutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Upoze upesi, uuweke kwenye friji ndani ya saa moja, na uule ndani ya siku moja. Ukihifadhiwa hivyo, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa usiomeng'enyeka upesi, faida ndogo kwa sukari ya damu.

Nafaka iliyoota ukungu ikioshwa na kupikwa vizuri, inafaa?

Haifai, na hili ndilo jibu ambalo ningependa lisomwe na kila anayehifadhi mahindi au karanga. Baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, na hatari kuliko zote ni aflatoksini, inayosababisha saratani ya ini, na kwa dozi kubwa huua kwa siku chache. Sumu hiyo ilifahamika mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Joto la kupikia haliiharibu vya kutosha, na punje inaweza kuwa nayo bila ukungu kuonekana.

Kinga ni kukausha upesi hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13 hivi, kutokausha juu ya udongo mtupu, kuhifadhi mahali pakavu palipoinuliwa kutoka sakafuni, na kuchambua punje zilizovunjika, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi. Punje hizo zisipewe kuku wala ng'ombe, kwa kuwa sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Matunda yaoshwe kwa sabuni?

Maji safi yanayotiririka na kusugua kwa mikono vinatosha. Sabuni huweza kupenya kwenye ganda. Tikiti na nanasi nayo yaoshwe kabla ya kukatwa, maana kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani.

## Hali maalumu

Mwenye kisukari anaruhusiwa kula matunda?

Anaruhusiwa, na anashauriwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, uliofuatilia watu zaidi ya 180,000, ulionyesha kwamba waliokula matunda mazima, hasa zabibu, matufaha na buluberi, walipata kisukari cha aina ya pili kwa uchache zaidi, na waliokunywa juisi nyingi walipata zaidi. Kwa aliye nacho tayari, la msingi ni kiasi: tufaha moja dogo, nusu ya ndizi kubwa au chungwa moja kwa mara moja, likiliwa pamoja na chakula chenye protini au mafuta kidogo. Apime sukari saa mbili baadaye, kwa kuwa miili hutofautiana. Juisi ibaki kwa ajili ya dharura ya sukari kushuka.

Mwenye ugonjwa wa figo azingatie nini?

Hapa ushauri wa potasiamu hugeuka. Figo iliyochoka hushindwa kuitoa, na ikizidi katika damu huweza kusimamisha moyo. Kutegemea vipimo, daktari anaweza kupunguza ndizi, machungwa, parachichi na tende, na kuruhusu matufaha au nanasi. Wanaotumia dawa za presha kama lisinopril au spironolactone waulize pia, maana dawa hizo hubakiza potasiamu.

Tunda la karambola, lile linalokuwa na umbo la nyota likikatwa, ni marufuku kabisa kwa mgonjwa wa figo. Lina sumu ya neva ambayo figo nzima huiondoa bila shida, lakini kwa mgonjwa huleta kwikwi zisizokoma, degedege na hata kifo.

Kuna matunda yanayogombana na dawa?

Balungi ndilo linalojulikana zaidi. Wakanada waliokuwa wakichunguza jinsi pombe inavyoathiri dawa ya presha, felodipine, mwishoni mwa miaka ya 1980, walitumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe, wakashangaa kuona dawa imejaa katika damu kupita kiasi. Balungi huzima kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa, na athari hiyo hudumu zaidi ya siku moja, kwa hiyo kutenganisha saa hakusaidii. Dawa za kolesteroli simvastatin na atorvastatin zimo kwenye orodha hiyo, pamoja na nyingine nyingi. Mfamasia ndiye wa kuulizwa. Machungwa matamu ya kawaida hayana tatizo hili.

Mama mjamzito aepuke papai?

Lililoiva vizuri halina tatizo na lina vitamini anazozihitaji. La kuepukwa ni papai bichi, kwa sababu utomvu wake mweupe umeonekana kukaza misuli ya mfuko wa uzazi katika majaribio ya wanyama. Machungwa, maparachichi na nafaka zilizorutubishwa humpa foleti, inayokinga mtoto dhidi ya kasoro za uti wa mgongo. Kwa kuwa uti huo huundwa katika wiki za mwanzo kabisa, asidi ya foliki hutolewa pia kwa vidonge, ikiwezekana kabla ya mimba.

Mtoto aanze lini?

Baada ya miezi sita ya maziwa ya mama pekee, kwa tunda lililopondwa na uji mzito kiasi. Juisi asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Zabibu zikatwe kwa urefu vipande vinne, na karanga zisagwe, hadi afikishe miaka mitano hivi, kwa sababu hukaba koo.

Nina vidonda vya tumbo. Niache machungwa na limau?

Vidonda vingi husababishwa na bakteria Helicobacter pylori au dawa za maumivu, wala si matunda. Tunda chachu linaweza kuamsha maumivu kwa baadhi ya watu. Anayeumia aliache hadi apone, na badala yake ale papai au ndizi. Asiyeumia hana sababu ya kuliacha.

Nimehamia nafaka nzima na sasa tumbo linajaa gesi. Nirudi nyuma?

Usirudi; punguza mwendo. Bakteria wa utumbo huhitaji wiki kadhaa kuzoea kazi mpya. Anza na mlo mmoja kwa siku, ongeza mwingine baada ya wiki moja au mbili, na uongeze maji, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji huleta choo kigumu zaidi. Gesi ikiambatana na kupungua uzito, damu kwenye choo au kuharisha kusikokoma, nenda ukapimwe, pamoja na kipimo cha siliaki, ukiwa bado unakula ngano.